Manowari Iliyompita Odhiambo

Nilifunga safari kwa sababu mama yangu alikataa kumzika kaka yangu, na bila kaka huyo kuzikwa, mdogo wetu Ochieng hakuweza kujenga boma lake. Kwetu Karungu, ufuoni mwa ziwa, mdogo hamtangulii mkubwa. Kama mkubwa amefia mbali na mwili wake haukupatikana, ukoo huchuma tunda la mwegea, lile refu na zito tunaloliita yago, hulifunga nguo na kulizika kama mtu. Baada ya hapo mdogo huwa huru. Lakini Odhiambo alikwenda kwenye vita vya Hitler akapotea baharini, na habari aliyotuletea askari wa chifu ilikuwa fupi: hajulikani alipo. Mama aliyashika maneno hayo na hakuyaachia tena. Mtu asiyejulikana alipo, alisema, yupo mahali.

Uhuru ukaja. Ochieng akapata watoto, wakajazana wote katika nyumba yake ndogo ya ujana, na mama alikuwa bado anasema hivyo hivyo. Alitaka jambo moja tu: aje mtu aliyemwona Odhiambo amekufa, aseme mbele yake.

Mtu huyo nilimpata kwenye makambi, mkutano wa kila mwaka wa kanisa letu, au tuseme nilimpata mke wake. Tulikuwa tumekaa tukimenya viazi vya watu wote wale, tukipiga soga. Akaniambia kuwa mumewe, Ouma, fundi wa baiskeli huko Homa Bay, alikuwa baharia wa manowari wakati wa vita, na kwamba kuna kijana wa Karungu aliyepotea majini ambaye mpaka leo humtaja usingizini. Mimi ni fundi wa cherehani mjini Migori, na wateja wangu watakuambia mdomo wangu haupumziki. Siku ile nilinyamaza, kisu mkononi, kiazi kikageuka cheusi.

Ochieng aliposikia hakungoja. Alipanda mwegea uliopo nyuma ya kanisa, akachuma yago kubwa kuliko yote, akalilaza kando ya ghala la mama. "Mkirudi tu tunazika," akasema. Mama alilitazama tunda lile, kisha akamtazama na yeye.

Siku moja kabla ya safari, mama alifika kwangu Migori kwa lori la samaki, amebeba kikapu kilichofunikwa khanga. Nilipompokea nusura kinivunje mkono.

"Mama, umebeba nini humu?"

"Mzigo wangu."

Nikafunua. Yago lilikuwa limelala ndani, limepinda kidogo kuufuata mviringo wa kikapu.

"Nikiliacha nyumbani," alisema, "Ochieng atamzika kaka yenu mimi nikiwa njiani."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alilisogeza tunda karibu na kitanda chake, akavua viatu, akalala.

Asubuhi tuliikuta Migori imejaa ukungu. Basi lilikuwa limesimama karibu na soko, limepakia magunia ya mahindi na kuku wa Wakuria, na watu walikuwa wakitokea kwenye weupe ule mmoja mmoja, kichwa kwanza. Utingo alikuwa kijana mwenye kofia ya kaki, mwepesi wa maneno. Alilitazama kapu la mama.

"Mama, hii mzigo ni nini? Ni muhogo?"

"Ni tunda," nikamjibu mimi.

"Tunda gani kubwa hivi? Hii inaenda juu kwa keria."

"Haiendi juu," mama akasema.

"Basi mtakula nyinyi wenyewe mpaka Homa Bay." Akalisukuma kapu chini ya kiti kwa mguu. Watu wakacheka, na nikiri kwamba mimi pia nilicheka ndani ya kitambaa changu. Mama aliutazama ule mguu kwa muda mrefu.

Kutoka Migori hadi Awendo barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na umande ulikuwa umelituliza vumbi lisitutese. Mashamba yalikuwa yakitokea na kupotea dirishani. Ng'ombe alisimama akiwa hana miguu, moshi wa jiko ulipanda mahali pasipo na nyumba. Nilihisi kana kwamba ni sisi tuliosimama, na dunia ndiyo iliyokuwa ikisafiri polepole kwenda kuuliza habari za kaka yangu.

Rongo tulisimama kupakia watu, kisha basi likakata kushoto kuelekea ziwani. Hapo ndipo mama alipoanza kusema, bila kuulizwa, macho yake yako nje.

"Mimi nimewahi kuona manowari."

Nikadhani anaota. Lakini alikuwa macho. Akaniambia habari ambayo hakuwahi kunisimulia, ya vita vya kwanza, vya Wajerumani, yeye akiwa msichana wa kuchota maji. Wajerumani walikuwa wameshuka Karungu na kukaa kwenye vilima vya juu ya ghuba. Asubuhi moja ikaja meli ya chuma ya Waingereza, ile ile iliyokuwa ikibeba ngozi na ufuta siku za amani, ila safari hii ilikuwa imefungwa mzinga puani. Wajerumani wakaipiga kutoka kilimani. Meli ikageuka ikaondoka.

"Tukalia," mama akasema. "Tulisema imetuacha. Lakini ilirudi. Ilirudi na mwenzake, zikapiga zote mbili, na wale wa kilimani wakakimbia. Hata nyasi ziliungua."

Alinigeukia.

"Manowari hurudi. Nimeona. Kama kaka yako alianguka majini na manowari ilikuwepo, ilirudi ikamwokota. Labda ilimpeleka nchi nyingine."

Sasa nikaelewa ile imani yake ilitoka wapi, na moyo ukaniuma. Miaka yote nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Baada ya Rodi Kopany joto lilipanda nikasinzia. Niliota meli kubwa ya kijivu inapita katikati ya mahindi. Haikuwa na kelele. Mahindi yaliinama kando yakasimama tena nyuma yake, na Odhiambo alikuwa amekaa juu kabisa, amevaa kaptura ya shule, anakula muwa. Nilimwita. Hakugeuka, lakini alikuwa anakitabasamia kitu cha mbele ambacho mimi sikukiona. Nilipoamka shingo ilikuwa inaniuma na ziwa lilikuwa limejaa dirisha zima.

Homa Bay ilitupokea mchana. Kilima cha Asego kilisimama juu ya mji, na harufu ya omena, dagaa wa ziwa letu, ilikuwa inatembea na watu barabarani. Gatini kulikuwa na meli ya abiria kutoka Kisumu, nyeupe, imeegeshwa. Mama aliitazama chini na juu akitafuta mzinga.

Nyumba ya Ouma haikutusumbua kuipata. Nyumba zote za mtaa ule zilifungua milango yake kuelekea ziwani ili kupata upepo, isipokuwa moja. Hiyo iliupa ufuo mgongo, na mgongo huo haukuwa na mlango wala dirisha. Mke wake, yule wa viazi, alitukimbilia akamkumbatia mama. Ouma alikuwa kibandani mbele ya nyumba, mtu mkubwa, mikono imejaa grisi, baiskeli imepinduliwa mbele yake. Mkewe alipomwambia sisi ni watu wa Karungu, nyumbani kwa Odhiambo, alilikamata gurudumu lililokuwa linazunguka akalisimamisha.

"Mmekuja," akasema. "Nilijua mtakuja siku moja."

Alitupa maji ya kunawa, na chai, na samaki, na hakuna aliyesema neno la maana mpaka sahani zilipoondolewa. Kisha mama aliweka kapu lake miguuni akasema kwa Dholuo kwamba amekuja kusikia. Ouma aliomba aseme kwa Kiswahili, maana mambo ya meli aliyajua kwa Kiswahili tu, kwa Dholuo hayakuwa na majina. Mama akasema sawa, Kiswahili cha soko anakisikia.

Ouma alichukua mkebe wa nati akazimwaga juu ya benchi. Nati kubwa alizipanga katikati. Nati ndogo alizizungusha kando.

"Mama, watu wanafikiri manowari ni ya kwenda kutafuta vita. Hapana. Sisi kazi yetu ilikuwa kuchunga. Hizi kubwa ni meli za mizigo na za askari. Hizi ni ng'ombe. Sisi hizi ndogo ni mbwa wa kuchunga. Odhiambo alikuwa hapa." Akagusa nati kubwa. "Mimi nilikuwa hapa."

Walikuwa wameandikishwa siku moja, akatueleza, wakasafiri pamoja kwa gari la moshi hadi Mombasa. Huko wakagawanywa, Odhiambo jeshi la nchi kavu, Ouma majini. Miezi mingi baadaye walionana tena bandarini kutoka meli moja hadi nyingine, wakaitana kwa majina ya utani, wakacheka. Meli zikang'oa nanga kwenda mashariki, huko vita vya Wajapani vilikokuwa.

"Adui wetu alikuwa nyambizi," Ouma akasema. "Hiyo ni meli inatembea chini ya maji. Huioni. Inapiga meli moja, halafu inajificha chini. Sasa manowari inafanya nini? Inakimbia pale pale imejificha, inaangusha mapipa ya baruti, yanapasuka huko chini. Haisimami. Ikisimama inapigwa na yenyewe, na hizi zingine zote zinabaki bila mchungaji."

Aliichukua nati ya Odhiambo, akaishika, hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaitia mfukoni.

"Ilizama haraka, Mama. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Watu walijaa majini. Na sisi tukaja mbio, moja kwa moja, kwa sababu nyambizi ilikuwa mbele. Mimi kazi yangu ilikuwa nyuma, kwa yale mapipa. Nikaangalia chini nikamwona. Alikuwa karibu, kama hapa na ule ukuta. Na yeye aliniona."

"Alikuwa amekufa?" mama akauliza.

Kuku alipita katikati yetu. Nilimwombea Ouma kimoyomoyo aseme ndiyo. Neno moja tu, na Ochieng angejenga, watoto wangepata pa kulala, na mama angepumzika.

"Alikuwa hai, Mama."

Nilimkasirikia mtu yule kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Tulikuwa tumesafirisha tunda kutoka Karungu kuja kupewa ndugu aliye hai.

"Hamkurudi?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Tulirudi. Tuliwinda ile nyambizi mpaka jua likainama, halafu tukarudi tukaokota watu. Niliangalia kila uso. Wale wa hai na wale wengine. Hakuwepo. Maji yalikuwa yametulia, Mama, kama hakuna kitu kimetokea."

Mama aliinamisha kichwa. Nikaona imani ya msichana wa Karungu inaondoka usoni pake. Ilirudi, ile manowari. Ilirudi kama alivyosema, na haikumkuta.

Lakini Ouma alikuwa hajamaliza. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Kuna kitu kimoja. Tukimpita, aliinua mkono. Mpaka leo sijui alisema nini. Labda alisema njoo. Labda aliniita mimi, kwa sababu alinijua. Na mimi nikaendelea kusukuma mapipa. Nikiona maji, hata ya ziwa hili letu, naona ule mkono. Siwezi kuvua. Siwezi hata kunawa uso kule chini."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

Mama aliinua uso. "Nionyeshe."

"Mama?"

"Nionyeshe mkono ulivyokwenda."

Ouma alisimama. Alinyoosha mkono juu, kiganja kikitutazama sisi, kisha akaupeleka upande, taratibu, akaurudisha.

"Mara moja?"

"Mara mbili."

"Mkono mmoja au yote?"

"Mmoja."

Mama akapumua, kama mtu aliyetua mtungi. "Huo si mkono wa kuita," akasema. "Odhiambo alivua na baba yake tangu mdogo. Wavuvi wa Karungu wakiwa wametega wavu na mashua ya mtu inakuja, hufanya hivyo. Ni kumwambia pita huko, usisimame hapa, nenda na kazi yako. Anayetaka msaada huinua mikono yote miwili."

"Kweli, Mama?"

"Mimi ni mke wa mvuvi. Alikuwa anakuambia upite."

Ouma alikaa juu ya sanduku la vyuma akalia. Hakujificha. Alilia kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu, na mkewe akaja akaweka mkono begani mwake. Mimi nililia pia, kwa hasira iliyokuwa imekosa pa kwenda. Mama peke yake hakulia. Aliuliza kama maji ya huko yalikuwa ya baridi. Ouma akasema hapana, yalikuwa ya joto, kama ya hapa mchana.

"Vizuri," mama akasema. Kisha akalifunua kapu. "Nibebee huyu mpaka ziwani."

Tuliteremka ufuoni alasiri, joto likiwa limeyafanya maji na mbingu kuwa kitu kimoja, hata visiwa vilionekana vimening'inia hewani. Ouma alibeba yago kifuani. Ukingoni mwa maji alisimama. Nilidhani atageuka. Mama alikwisha kuvua viatu na kuingia mpaka vifundoni, na alikuwa anamngoja bila kumwita. Akaingia. Walilishika tunda wawili hao, mmoja huku na mmoja huku, na mama akaliosha kwa kiganja, kuanzia kichwani, anavyooshwa mtu. Meli nyeupe ya gatini ilipiga honi ikaanza kuondoka, na mawimbi yake yalitufikia baadaye sana, madogo, yakatulowesha mapindo ya nguo. Nilisimama nimeshika khanga tupu na sikuwa na hakika niko mwaka gani.

Tuliporudi nyumbani kwake, Ouma alitoa blanketi la kijivu alilopewa manowarini. Alilifunga yago kwa mikono yake, akaingiza ncha ndani ili lisifunguke njiani. Nati aliyokuwa ameitia mfukoni aliiweka humo humo.

Kesho yake asubuhi, kituoni Homa Bay, basi lilikuwa lile lile na utingo yule yule mwenye kofia ya kaki.

"Mama, tunda bado halijaiva?" akatania.

Mama alikuwa amelibeba mkononi, si kapuni tena. Akamjibu kwa Dholuo, bila ukali wowote. "Wuoda. Oa e lweny." Ni mwanangu. Ametoka vitani.

Kijana alilitazama blanketi lile la jeshi na umbo lililokuwa ndani yake. Alikuwa mtoto wa huko huko, hakuhitaji kuelezwa. Akavua kofia. Akamwinua mwanamume aliyekaa kiti cha mbele, akakifuta kiti kwa mkono wa shati lake, akamkalisha mama pale na yago mapajani. Mgusii mmoja akauliza kuna nini, utingo akamnong'oneza, na yule naye akavua kofia. Dereva aliyakwepa mashimo yote mpaka Rongo. Hakuna aliyecheka safari ile, na mama alilala njia nzima, kidevu chake juu ya blanketi.

Karungu tulizika siku iliyofuata, kando ya nyumba ya mama, upande anaozikwa mwana. Wanawake walilia kilio kilichokuwa kimengoja miaka yote hiyo. Kabla ya mvua za masika Ochieng alikuwa amesimamisha boma lake, na watoto wake wakawa na uwanja wa kukimbilia.

Siku moja nilimkuta akitandaza wavu juani nikamsimulia habari ya mkono, jinsi Odhiambo alivyotumia ishara ya wavuvi katikati ya bahari. Ochieng akaacha alichokuwa anafanya.

"Ishara gani?"

Nikamwonyesha.

"Hakuna ishara kama hiyo. Mtu mwenye wavu hupiga kelele tu. Na mama ameijulia wapi? Ameingia kwenye mashua lini?"

Ni kweli. Kwetu wanawake hawaendi kuvua. Mama aliijua mashua kwa mgongo wake tu, ikiondoka. Nilikaa na jambo hilo kifuani mpaka makambi yaliyofuata, ambako mke wa Ouma aliniambia kwamba mumewe ametoboa ukuta wa nyuma wa nyumba yao, akaweka dirisha, na jioni hukaa hapo akitazama maji. Nilipokwenda Karungu nilimpa mama habari hiyo. Alikuwa anapepeta mtama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikauliza tu kama ile ishara ilikuwa ya kweli.

Mama aliupuliza mtama, makapi yakaruka yakaenda.

"Nilikwenda kumleta mwanangu," alisema. "Sikuona sababu ya kumwacha mtoto wa mwenzangu majini."